Mashine Iliyovishwa Kitambaa

Pale Migambo, juu ya Lushoto, ukitaka kujua kama radi itapiga, usihangaike na mawingu. Mwangalie Beatha. Akianza kuanua sufuria uani, akageuza kioo kikatazama ukuta na kuwafukuza kuku waingie ndani, basi nawe tafuta pa kujibanza. Alikuwa mwoga tangu utoto, na hakuona sababu ya kuuficha woga wake. Aliogopa ng'ombe mwenye pembe, aliogopa madaraja ya magogo, aliogopa simu inayoita saa ambazo watu hawapigiani simu. Marehemu mumewe, Kornelio, alikuwa akimtania kwamba woga wake ungekuwa viazi wangelisha wilaya nzima. Beatha alicheka naye, kisha akaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Kornelio alipofariki, pakabaki mtu mmoja tu wa kumkimbilia mvua za radi zikija. Huyo ni Hamida, jirani yake wa bondeni, mjane kama yeye ila mkubwa kwake sana, ambaye kijiji chote kilimwita Mama Dula kwa jina la mwanawe aliyehamia Mombo. Marehemu mume wa Hamida alikuwa mtu wa dawa za miti shamba, na Hamida mwenyewe hadi leo alipanda msitu wa Magamba kuchuma majani na magome ya kutibu kifua na tumbo. Radi ikianza, Beatha alijifunika kanga akashuka mbio, akakaa kitandani kwa Hamida ameshikwa mkono mpaka kupoe. Mmoja Mlutheri, mwingine Mwislamu, na hilo halikuwahi kumfanya yeyote kati yao auachie mkono wa mwenzake.

Sasa mtu wa namna hiyo, ni nani aliyemkabidhi mashine? Ni Jenoveva, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima, na alikuwa na hoja. Mradi mmoja wa kilimo ulipowajengea kitalu nyumba, lile banda refu la nailoni ambalo ndani yake nyanya na pilipili hoho hukua bila kunyeshewa, kila mwanachama alitaka kushika funguo. Jenoveva akasimama akasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mpeni Beatha. Huyu hawezi kulala mlango ukiwa wazi." Wakacheka, wakapiga makofi, na Beatha akapokea funguo, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Fundi aliyekuja kufunga mitambo aliitwa Nassir, kijana wa Tanga mjini, mpole na mwenye maneno mengi. Alitundika vidude vitatu juu ya mistari ya nyanya na kimoja nje, kila kimoja ukubwa wa kiberiti.

"Hivi ni vihisi, mama," alimweleza Beatha. "Vinapima joto na unyevu wa hewa, vinapeleka habari kwenye hili boksi la ukutani. Nalo boksi lina akili ya kujifunza. Kwa sasa wewe fungua na kufunga mapazia ya pembeni kwa mkono kama unavyoona inafaa, lenyewe litatazama tu. Likishaelewa, litaanza kufanya peke yake. Ndani kukiwa na unyevu kuliko nje, litafungua mapazia hewa ipite. Nje kukiwa na baridi na ukungu, litafunga."

"Litatazama nini?" Beatha aliuliza.

"Hewa. Na wewe pia, kidogo, maana linajifunza kwako."

Nassir alidhani amemsifu. Laiti angejua. Msimu mzima Beatha alifanya kazi akihisi mtu amesimama nyuma ya shingo yake. Kila kihisi kilikuwa na taa ndogo nyekundu iliyowaka na kuzima, na kila alipoinama kufunga mche kwenye kamba, akiinua kichwa anakutana nayo. Akaanza kuvisalimia akiingia asubuhi. "Onga makeo," alisema kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kama unavyomsalimia mtu ambaye hujui ameamkaje. Na siku mapazia yalipojikunja yenyewe mara ya kwanza, mota ikinguruma na hakuna aliyeigusa, alitoka mbio akaacha kandambili moja ndani, na hakurudi kuichukua mpaka wenzake walipofika.

Lakini mtu huzoea. Na palipo na kitu cha kuheshimiwa, mwanamke wa mlimani anajua la kufanya. Nyumba yoyote pale yenye adabu zake, redio ina kitambaa chake cha kufuma, televisheni ina chake, na jokofu lina chake hata kama limekufa siku nyingi. Beatha akatoa uzi na sindano ya kroshia, akafuma vitambaa vitatu vizito vyenye maua, kimoja cheupe, kimoja cha njano, kimoja cha waridi, akavivisha vile vihisi vikawa kama vichanga wamevaa kofia. Wenzake aliwaambia anavikinga na vumbi na dawa za kupulizia. Hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine hakumwambia mtu, kwamba alitaka visimwone.

Jenoveva alivitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa panaonekana pana mwenyewe," alisema. Nassir hakuviona kwa sababu wakati huo alikuwa wilaya nyingine akisoma namba ambazo boksi lilimtumia kwenye simu yake.

Nyanya wakati ule zilikuwa zimependeza. Hamida alipita siku moja na mzigo wake wa majani kutoka msituni, akachungulia, akaingia, akashika jani moja kwa vidole viwili. "Mashaallah," alisema. "Hizi zitawavunja mgongo kubeba." Akaenda zake. Wote walimsikia, na wote walitabasamu.

Kipupwe kikaingia. Wanaoijua Lushoto kwa picha wanafikiri baridi yetu ni ya kupiga picha na sweta. Hawajaamka kabla ya jua wakakuta ukungu umekaa mlangoni kama mgeni aliyekuja na begi. Asubuhi moja Beatha alipanda kwenye kitalu, akasimama. Mapazia yalikuwa wazi pande zote mbili. Ukungu ulikuwa unaingia upande huu unatokea upande ule, na ndani miche ilikuwa inadondosha maji.

Akayafunga kwa mkono. Hajafika mlangoni, mota ikanguruma nyuma yake, mapazia yakapanda tena. Akayafunga tena, yakafunguka tena. Kulikuwa kimya kabisa mle ndani, ila huo mngurumo. Beatha akakaa chini kwenye udongo uliolowa, akasema Baba Yetu mpaka mwisho.

Akampigia Nassir. Kijana alisoma namba zake. "Mama, hapa naona ndani kumelowa kuliko nje, tena sana. Mashine iko sahihi. Inajitahidi kukausha."

"Lakini inaingiza ukungu, mwanangu! Mimi naona kwa macho!"

"Iamini, mama. Ina akili hiyo. Nikimaliza huku nitakuja niiangalie."

Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Mashine ilifungua mapema zaidi, na ikachelewa zaidi kufunga, kana kwamba kuna mtu aliyeifundisha upya na si yeye. Haikupita muda majani yakatoka madoa meusi yenye unyevu, yale ambayo wakulima wanayaita bakajani na ambayo kitalu kilijengwa hasa kuyazuia. Mstari wa kwanza ukaungua, ukafuata wa pili.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Hakuna aliyesimama akatamka jina. Maneno ya namna hiyo hayasemwi, yanadondoshwa. Mmoja alisema mashine haiwezi kuwa sahihi na nyanya zikafa, labda kuna mkono wa mtu. Mwingine akauliza ni nani aliyeingia mle na majani mabichi ya msituni mkononi. Wa tatu akakumbuka kwamba kikundi kilipoandikisha wanachama, bibi mmoja mzee aliachwa kwa kuwa hawezi kubeba ndoo, na ni nani ajuaye kilichobaki moyoni mwake. Ile "Mashaallah" ambayo wote waliitabasamia, sasa kila mmoja aliikumbuka imetoka na jicho baya. Watu wazima, wenye akili zao, wanaokwenda ibada na wanaoswali!

Beatha naye? Ningependa kukuambia alimtetea jirani yake. Hakumtetea. Kwanza alikaa kimya, kisha akaanza kufikiri, na kufikiri kwa mwoga ni jambo la hatari. Alikumbuka vidole viwili vya Hamida kwenye lile jani. Jioni hakushuka kwa Hamida, akatuma neno kwamba ana mafua. Radi ilipopiga siku moja alijifungia kwake peke yake, akatetemeka chini ya blanketi, na hakujua tena anachokiogopa zaidi ni radi au ni mkono uliokuwa ukimshika.

Jenoveva akaitisha mkutano. Kaka yake, Tobia, alikuwa na habari kwamba lambalamba wamepiga kambi kijiji cha pili. Hao ni watu wanaozunguka na ngoma wakisema wanafichua wachawi, na serikali haiwataki, lakini wakiitwa wanakuja. Wanaingia nyumba ya mtu, wanafukua sakafu, wanatoa chupa na pembe ambazo mwenye nyumba hajawahi kuziona, wanamnyoa nywele mbele za watu. Mtu akishanyooshewa kidole na lambalamba, hata akibaki hai, nyumba yake si nyumba tena. Hakuna atakayeomba moto kwake wala kumpa maji. Mkutano ulikuwa wa kuamua kama Tobia aende kuwaita, na kila mmoja alijua wataelekezwa mlango upi.

Siku hiyo hiyo ndiyo aliyosema Nassir kwamba atafika. Kwa hiyo asubuhi Beatha alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa pale angefanya mgeni akija. Alivua vile vitambaa ili avifue. Vilikuwa vizito mkononi, vimelowa maji ya ukungu wa siku zote hizo, vimeota hata vidoa vya kijani. Akavitumbukiza kwenye beseni, akaanza kusugua.

Hakuwa amemaliza cha pili, mota ikanguruma. Mapazia yakashuka, yakafunga pande zote mbili, ukungu ukabaki nje.

Beatha akaacha kusugua. Alitazama mapazia, akatazama vile vidude vikiwa uchi na taa zao nyekundu. Polepole, kama mtu anayemsogelea nyoka kuona kama amekufa, akachukua kitambaa kimoja kibichi akakirudisha mahali pake, halafu cha pili, halafu cha tatu. Akangoja nje akiwa ameshika nguzo. Mapazia yakapanda. Akavivua. Baada ya kitambo, yakashuka.

Akaelewa, na ule uelewa ulimtisha kuliko ngoma zote za lambalamba. Vile vihisi vilikuwa vimefungiwa ndani ya nguo mbichi. Vilisema kweli tupu, kwamba pale vilipo pamelowa, na boksi likaamini kitalu kizima kimelowa, likafungua mapazia kukausha, na kadiri lilivyofungua ndivyo vitambaa vilivyozidi kulowa. Hapakuwa na mkono wa mtu. Au ulikuwepo, nao ulikuwa wake mwenyewe, wenye sindano ya kroshia.

Akakaa juu ya ndoo. Shetani ni mwepesi wa kufika, na alifika. Alimwambia Beatha aviweke vitambaa mfukoni, anyamaze. Mapazia yatafunga, nyanya zilizobaki zitapona, nani atauliza? Wewe utabaki na funguo zako na heshima yako. Beatha alimsikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyompasa Mkristo. Lakini kila alipofika mahali pa kusema ndiyo, alimwona Hamida amekalishwa uani kwake, kichwa kinanyolewa, na watu wamesimama wanatazama. Akainuka, akanawa uso, akaenda mkutanoni na beseni lake.

Walikuwa wamekaa chini ya ukuta wa ghala, Nassir kwenye kiti cha mgeni, Tobia amesimama kando tayari ameshavaa koti la safari. Jenoveva alikuwa amefungua kinywa. Beatha akasema, "Ni mimi."

Akaweka beseni chini. Kisha maneno yakatoka yote kwa pamoja, ya taa nyekundu, ya kuogopa kutazamwa, ya uzi, ya mapazia yaliyopanda na kushuka. Alipomaliza hakuna aliyemwamini. Mwanamke mmoja alisema kwa huruma kwamba woga sasa umempanda Beatha kichwani, kitambaa cha redio hakijawahi kuua nyanya. Tobia akatazama saa yake.

Nassir ndiye aliyeinuka. Alikichukua kile cha waridi, akakikamua, maji yakamdondokea viatuni. "Twendeni," alisema. Wakaenda wote. Akakivisha kihisi kimoja, akawaonyesha namba kwenye simu yake ikipanda, akakivua, ikashuka. Alirudia mpaka hata Tobia akavua koti. "Namba niliziona," Nassir alisema, na uso wake haukuwa na furaha. "Sikuuliza vihisi vimevalishwa nini. Ningekuja mapema ningeona."

Kukawa na kicheko kikubwa, kile cha watu walionusurika na jambo na hawataki kulitaja. Jenoveva alimgombeza Beatha mbele ya wote, akamwita majina ambayo siyaandiki, kisha akamrudishia funguo kifuani kwa nguvu. "Kaa nazo. Hutasahau tena." Beatha alilia kwa kuona amesamehewa. Kisha akauliza ni nani atakwenda kumwambia Mama Dula.

Kicheko kikakatika. Kumwambia nini, wakati hakuna aliyetamka jina lake? Kila mmoja akaanza kutazama kanga yake. Beatha akateremka bondeni peke yake.

Mlango wa Hamida ulikuwa na kufuli. Kuku hawakuwepo. Evelina, mama wa nyumba ya jirani, alisema bila kumtazama kwamba Dula alikuja alfajiri kumchukua mama yake. "Maneno yenu yalimfikia," alisema. "Kwani alikuwa kiziwi?"

Kesho yake Beatha alishuka Mombo. Aliogopa njia nzima, kona na mabonde, na aliogopa zaidi kufika. Alimkuta Hamida kwenye baraza la nyumba ya mwanawe, kwenye joto lile la chini, amevaa kanga nyepesi na anaonekana mdogo kuliko alivyokuwa mlimani.

"Shikamoo, Mama Dula."

"Marahaba, mwanangu. Mafua yamepona?"

Beatha akapiga magoti pale pale barazani akasema yote. Hakuacha hata lile la kutoshuka jioni. Alipofika kwenye vitambaa, Hamida alimkatiza. "Umeivalisha mashine kofia?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi na pindo la kanga, na Beatha akacheka naye, akahisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu kipupwe kianze.

"Basi rudi nyumbani," Beatha alisema. "Hakuna tena mwenye neno. Wote wamejua."

"Kula kwanza," alisema Hamida. "Umetoka mbali."

Aliingia ndani akarudi na sahani ya wali na mchicha wa nazi, ameupika mwenyewe, akaiweka mbele yake na maji ya kunawa. Beatha akanawa. Akanyoosha mkono kwenye sahani, na mkono ukasimama. Hakuutuma usimame. Kichwani alijua yote, alikuwa na ushahidi ambao aliuona kwa macho yake, na bado vidole vilibaki juu ya yale majani ya kijani kwa muda wa kupepesa jicho.

Hamida aliona. Aliivuta sahani kwake, akafinyanga tonge la wali na mchicha, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu huku akimtazama Beatha machoni, akameza. Kisha akairudisha sahani mbele ya mgeni wake.

"Kula, mwanangu, sikukasirikii," alisema. "Lakini kule juu sirudi. Wewe ndiye uliyekuwa unanipenda. Sasa kama hata kwako lazima nianze kuonja, hao wengine nitawaonjea mpaka lini?"

Beatha alikula wali wote, akilia, mpaka sahani ikabaki tupu.